Shauri Limefutwa au Limetupwa? Istilahi za Madai ya Mkopo Mbele ya Mkopaji wa Mbulu na Hanang

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha, mwaka 2021, marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, swali linaloulizwa mara nyingi ni la wingi: je, lugha yetu inayo maneno ya kutosha kubeba kazi ya sheria? Wengi wamekwisha kulijibu, nasi hatuna haja ya kulirudia hapa. Swali tunalopenda kuliweka mbele ya wasomaji ni jingine, nalo kwa maoni yetu ni zito zaidi. Maneno tuliyo nayo tayari, yanayosemwa kila siku mahakamani, je, yanamwambia mwananchi ni jambo gani lililompata?

Ili tusiseme hewani, tumechagua aina moja ya shauri, nalo ni shauri la madai lililofunguliwa na mtu aliyekopa dhidi ya yule aliyemkopesha, likakataliwa, naye akataka kukata rufaa. Tumechagua pia mahali, yaani wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara. Sababu ya kuchagua huko ni ya kilugha. Katika eneo hilo zinakutana jamii za lugha ambazo hazina undugu hata kidogo: Kiiraqw ambacho ni cha Kikushi, Kidatooga cha Wabarabaig ambacho ni cha Kinailoti, lugha za Kibantu kama Kinyiramba, na kule karibu na Ziwa Eyasi Kihadza, ambacho wataalamu hawajakipatia ndugu. Kwa watu wengi wa huko Kiswahili ni lugha ya pili. Mtu aliyejifunza neno shuleni, sokoni au zahanati hulichukua kwa maana ile aliyokutana nayo. Istilahi inayoelea, ambayo mzaliwa wa pwani angeweza kuikisia kwa kusikia mazingira yake, kwa mtu huyu hugeuka kuwa mtego.

Tuchukue mfano. Mtu huyu hayupo; tunamtunga kwa ajili ya hoja tu. Ni mkulima wa vitunguu saumu wa upande wa Mbulu. Alikopa fedha za mbegu na mbolea kwa mkopeshaji mmoja, akaweka maksai wake wawili kuwa dhamana. Alipokuwa amekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni, aliambiwa kuna ada ambazo hakuzisoma katika mkataba, na kwamba riba imeongezeka. Maksai wakachukuliwa. Akafungua shauri. Wakili wa mkopeshaji akatoa pingamizi la awali, mahakama ikalikubali, na mkulima wetu akatoka nje akiwa na sentensi moja kichwani: shauri lako limefutwa.

Tuyatazame sasa maneno aliyokutana nayo tangu mwanzo hadi hapo.

La kwanza ni mdai na mdaiwa. Katika mashauri ya madai, anayefungua shauri huitwa mdai, na anayeshtakiwa huitwa mdaiwa. Kwa mashauri ya mpaka, ya mazao yaliyoliwa na mifugo, au ya fidia, maneno haya hayana taabu. Lakini lugha yetu ilikuwa nayo maneno hayo kabla ya mahakama kuyachukua. Mdai ni mwenye kudai fedha zake. Mdaiwa ni mwenye deni. Katika mkataba wa mkopo, basi, mkopeshaji ndiye mdai na mkulima ndiye mdaiwa. Siku mkulima anapofungua shauri majina yanabadilishana: mkulima, ambaye bado ana deni, anaitwa mdai, mkopeshaji, ambaye bado anadai fedha zake, anaitwa mdaiwa. Soma sentensi kama hii: mdai anadai kwamba mdaiwa alimdai zaidi ya deni alilodaiwa. Sarufi yake haina kasoro, wala mwanasheria hataiona kuwa na kosa. Hata hivyo msomaji wa kawaida hawezi kujua nani ana deni la nani.

Kosa hili si dogo. Hukumu ni maandishi ambayo aliyeshindwa anapaswa kuyasoma ili ajue ashambulie wapi katika rufaa yake. Ikiwa hawezi kumtofautisha yeye mwenyewe na mpinzani wake katika ukurasa wa kwanza, sababu zake za rufaa atazijenga juu ya nini?

La pili ni mlaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na vyombo vilivyotokana nayo vimelizoesha neno mlaji kwa maana ya mtu anayenunua bidhaa au kupata huduma. Wakati huo huo mabaraza ya ushauri yaliyoundwa kwa ajili ya nishati na maji, ya mawasiliano na ya usafiri yanamwita mtu yule yule mtumiaji wa huduma. Kwa hiyo mwananchi akinunua unga ni mlaji, akinunua umeme ni mtumiaji. Je, akikopa fedha ni nani?

Hatuna ugomvi na asili ya neno mlaji. Kitenzi kula kina mapana makubwa katika Kiswahili, na kutumia kitu hadi kikaisha ni sehemu ya mapana hayo. Ugumu unakuja pale neno linapoingia katika habari za fedha. Kwa karne nyingi waswahili wamesema kula riba, na mla riba ni yule anayekopesha kwa faida. Watu hula rushwa, hula mtaji, hula amana. Katika uwanja huu wote anayekula ni mwenye nguvu au mwenye hila, na anayeliwa ni mnyonge. Sasa sheria inamwita mkopaji mlaji, na kuahidi kumlinda. Mkulima wetu akisikia kwamba kuna sheria ya kumlinda mlaji, haitakuwa ajabu akidhani kwamba hata sheria imesimama upande wa mkopeshaji.

Wananchi wenyewe wamekwisha kuunda istilahi yao. Mikopo yenye masharti ya kukamua wameiita kausha damu, na jina hilo limeenea nchi nzima bila kamati yoyote kukaa. Hatupendekezi liingizwe katika sheria. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha ni upande gani wa mkataba ambao wasemaji wa lugha wanaona ndiko kuna kinywa kinachokula. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyowaweka wakopeshaji katika madaraja manne na kuwataka wawe na leseni au usajili, inahitaji kusomwa na watu hao hao. Neno mkopaji lipo, ni fupi, na halina mshirika wa kulichafua. Pale sheria inapotaka kuwataja kwa pamoja wakopaji, wenye akaunti na wanaotuma fedha, mtumiaji wa huduma za fedha linatosha.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kitenzi kilichomtoa mkulima wetu mahakamani. Katika maandishi ya mahakama, katika magazeti na katika vinywa vya makarani tunakuta kufuta shauri, kutupa shauri, kutupilia mbali, kuondoa, kuondosha na kukataa. Mara nyingi maneno haya hutumiwa kana kwamba ni visawe, na mwandishi huchagua lile linalopendeza sikioni. Lakini kwa sheria ya Tanzania mambo yanayofichwa nyuma yake ni tofauti kabisa, na kila moja lina mlango wake wa kutokea.

Hati ya madai inaweza kukataliwa kabla shauri halijaanza kusikilizwa, kwa mfano kwa kuwa haionyeshi msingi wa madai. Hapo mwananchi hajazuiwa kuleta hati mpya kuhusu jambo lile lile. Shauri linaweza pia kuondolewa katika orodha ya mahakama kwa sababu ya kasoro, kwa mfano limefunguliwa bila hatua iliyotakiwa na sheria. Hapo anaweza kurekebisha kasoro na kurudi, maadamu muda wa kufungua shauri haujaisha. Tena, shauri linaweza kutupwa kwa sababu siku ya kusikilizwa aliyelifungua hakufika na mpinzani wake alifika. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 mtu huyu hawezi kufungua shauri jipya. Anapaswa kurudi katika mahakama ile ile, ndani ya siku 30, aombe amri itenguliwe kwa kueleza sababu ya kutohudhuria. Mwisho, shauri linaweza kutupwa baada ya pande zote kusikilizwa, au kwa kuwa lililetwa nje ya muda. Huo ndio mwisho wake katika mahakama hiyo, na kwa kawaida njia inayobaki ni rufaa.

Katika mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Wilaya na kuamuliwa kwa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 inatoa siku 90 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Mbulu na Hanang sasa inapatikana Babati. Muda uliotumika kungojea nakala ya hukumu hauhesabiwi, na aliyechelewa kwa sababu ya msingi anaweza kuomba aongezewe. Hizi ni fadhili za sheria kwa yule anayejua kwamba mlango wake ni rufaa.

Mkulima wetu hajui, kwa kuwa ameambiwa tu kwamba shauri limefutwa. Kufuta ni kuondoa maandishi ubaoni, na ubao uliofutwa unaandikika tena. Akilichukua neno hivyo, atajipanga kufungua shauri jipya. Ataweka akiba ya ada, atamtafuta mtu wa kumwandikia hati, na miezi itapita. Akirudi ataambiwa kwamba jambo lake lilikwisha kuamuliwa, na siku 90 za rufaa zimekwisha kuyeyuka. Au tugeuze. Mahakama iliondoa shauri kwa kasoro tu, naye akaelewa kuwa limefutwa lisirudi kamwe. Atakwenda Babati na rufaa ambayo hakuihitaji, au, kama walivyo wengi, atakaa nyumbani na kuwahesabu maksai wake kuwa wamekufa. Katika hali zote mbili mahakama haikukosea sheria. Neno ndilo lililokosewa.

Wanasheria hawawezi kusema kwamba tofauti hii ni uzushi wa watu wa lugha. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika rufaa ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo, iliitenga wazi. Ilieleza kwamba rufaa yenye kasoro za kuifanya isiwe rufaa halali inapaswa kuondolewa, na kwamba kuitupa kuna maana kuwa rufaa halali ilikuwapo, ikasikilizwa na kumalizwa. Uamuzi huo umenukuliwa na mahakama zetu mara zisizo na idadi. Kwa Kiingereza, basi, mpaka uliwekwa zaidi ya miaka 60 iliyopita na unalindwa. Kwa Kiswahili bado tunaupita huku na huku kama ng'ombe wasio na mchungaji.

La nne ni rufaa yenyewe. Tunayo maumbo mawili, rufaa na rufani, na mahakama ya juu kabisa nchini inaitwa Mahakama ya Rufani ilhali watu wengi hukata rufaa. Kuwepo kwa maumbo mawili ya asili moja hakutudhuru sana. Kinachotushughulisha ni kwamba rufaa ina makazi mengine ambayo wananchi wa vijijini wanayafahamu zaidi. Wilayani Mbulu iko hospitali ya rufaa ya Haydom. Mgonjwa hupewa rufaa. Tabibu huona ugonjwa umemshinda, huandika karatasi, na kumpeleka mgonjwa mbele. Mgonjwa mwenyewe haombi wala hahesabu siku. Mahakamani mambo yako kinyume: hakuna atakayekupa rufaa, wewe mwenyewe ndiwe wa kuikata, na siku zinakwenda. Hukumu nyingi huishia kwa maneno kwamba haki ya rufaa imeelezwa. Imeelezwa na nani, kwenda mahakama gani, ndani ya siku ngapi? Sentensi hiyo inathibitisha kwamba jambo limesemwa. Haithibitishi kwamba limesikika. Mtu aliyezoea rufaa ya hospitali anaweza kuondoka akingojea karatasi.

Huenda msomaji akauliza kama kweli neno moja linaweza kubeba uzito kiasi hiki. Hanang yenyewe inatoa jibu. Katika miaka ya 1980 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji kadhaa walilishtaki Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, juu ya ardhi iliyoingizwa katika mashamba makubwa ya ngano. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Shirika lilikata rufaa, na Mahakama ya Rufani, katika uamuzi uliochapwa katika ripoti za sheria za mwaka 1985, ikautengua ushindi huo wa ardhi. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Nyingine ilihusu neno. Sheria ya ardhi ya wakati huo, iliyorithiwa kutoka ukoloni, ilimlinda mwenye kukalia ardhi kimila ikiwa ni mtu wa kundi ambalo sheria ililitaja kwa neno moja la Kiingereza, na mahakama ikaona kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wao ni wa kundi hilo. Tulitafsiri vipi neno hilo? Mwenyeji? Mzawa? Mzalendo? Mwafrika? Kila moja lina mpaka wake. Mtu anayeambiwa kwa Kiswahili kwamba hakuthibitisha kuwa yeye ni mwenyeji mahali alipozikwa babu yake hataelewa kwamba alitakiwa kutoa ushahidi wa maana ya kisheria; ataelewa kwamba ametukanwa. Shauri lile halikuwa la mkopo, lakini linatufundisha kwamba katika wilaya hizi rufaa imewahi kupotea mahali ambapo istilahi na maisha ya watu havikukutana.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Watasema wengine kwamba visawe ni utajiri wa lugha. Ni kweli katika ushairi na katika mazungumzo. Katika amri ya mahakama kisawe ni hasara, maana msomaji ana haki ya kudhani kwamba neno tofauti lina maana tofauti. Wengine watasema kwamba mambo haya ni ya mawakili, na mwananchi hahitaji kuyajua. Tungekubali lau kila mkopaji wa Dongobesh au Katesh angekuwa na wakili. Deni la maksai wawili halilipi ada ya wakili, na ndiyo maana sheria iliruhusu mtu ajitetee mwenyewe. Wa tatu watasema tusubiri, kwani matumizi yenyewe yatachuja. Huenda yakachuja, lakini siku 90 hazisubiri matumizi.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo, nayo yote yametoka katika maneno yaliyokwisha kuwapo. Katika maombi, mahakama zetu tayari zinasema mleta maombi na mjibu maombi; katika rufaa zinasema mrufani na mjibu rufani. Kwa kufuata jamaa hiyo hiyo, anayefungua shauri la madai aitwe mleta madai, na mpinzani wake mjibu madai. Mdai na mdaiwa yaachwe yabaki katika deni, mahali yalipozaliwa. Katika habari za fedha mlaji liachiwe mkopaji nafasi yake.

Kuhusu amri za mahakama, kukataa kutumike kwa hati tu. Kuondoa kutumike kwa shauri lenye kasoro linaloweza kurudi. Kutupa kutumike kwa shauri lililofikia mwisho katika mahakama hiyo, na likitupwa kwa kutohudhuria isemwe hivyo bila kufupisha. Kufuta, ambalo ndilo limeleta giza kubwa kuliko yote, lisitumike kabisa katika mashauri ya madai. Kuhusu kutupilia mbali, tunakiri kwamba lina nguvu, lakini nguvu yake ni ya dharau. Mtu aliyeleta shida yake mbele ya dola hapaswi kuambiwa kwamba imevurumishwa. Kutupa lenyewe si laini, ila limekwisha kuzoeleka na linatosha.

Mwisho, pale panapoandikwa kwamba haki ya rufaa imeelezwa, paandikwe sentensi kamili kama hii: asiyeridhika anaweza kukata rufaa yeye mwenyewe, Mahakama Kuu, Babati, ndani ya siku 90 tangu leo. Sentensi hiyo ina maneno yanayofahamika kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na haimgharimu hakimu zaidi ya mstari mmoja.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walikuwa wakizungumzia fedha. Sisi tumezikopa istilahi za sheria kutoka lugha nyingine kwa shangwe ya uhuru, na hatupendi kuona kwamba wanaolipa matanga yake ni wakulima na wafugaji ambao hawakuwapo katika arusi. Tunawaomba mahakimu, makarani wa mahakama na walimu wa Mbulu, Hanang na kwingineko watuandikie ni maneno yapi wanayoyasikia, na ni yapi yanayoeleweka vibaya. Orodha ya istilahi iliyotungwa mezani peke yake hatuiamini, hata ikiwa meza ni yetu.